Dua ya kutoka chooni na ndizi isiyo ya mti: dhana potofu kuhusu shukrani katika sheria ya Kiyahudi

Aliyesoma chuoni pwani hashangai kusikia kwamba kuna dua ya kutoka msalani. Anayo ya kwake tangu utotoni. Ila wengi wetu tukisikia "sheria ya Kiyahudi" tunawaza nguruwe na Sabato, basi. Kumbe sehemu kubwa ya sheria hiyo, halakha, inahusu kushukuru: unashukuru kwa kipi, lini, na kwa maneno yapi. Dhana zifuatazo nimezisikia mara nyingi, nyingine kutoka kwa watu wanaoijua Biblia vizuri.

Dhana: Chakula huwa kosher, yaani halali kuliwa kwa Wayahudi, baada ya rabi kukiombea.

Hakuna dua inayogeuza chakula kuwa kosher. Linaloangaliwa ni mnyama gani, kachinjwaje, na kama nyama imetengwa na maziwa. Rabi unayemwona kiwandani amekuja kukagua.

Baraka ni jambo jingine kabisa, na wala haikibariki chakula. Huanza kwa "Umehimidiwa wewe, Bwana", maana yake anayetajwa kwa sifa ni Mungu, si sahani. Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi wa kale, inasema anayefaidi kitu cha dunia hii bila baraka ni kama aliyejitwalia mali ya wakfu. Anayejua uzito wa kula mali ya wakfu hahitaji tafsiri hapo.

Dhana: Dua moja inatosha kwa mlo wowote.

Hapa ndipo paninogeapo. Mkate una baraka yake na divai ina yake. Tunda la mti lina yake, kinachoota ardhini kina yake, na maji, nyama, samaki na mayai vina nyingine tena.

Sasa shika ndizi mkononi. Mgomba umeipita paa la nyumba, una majani, una tunda. Ni mti, sivyo? Sheria inasema sio. Mti ni ule ambao shina lake hubaki likazaa tena msimu ujao. Mgomba ukishatoa mkungu umekwisha kazi; unaukata, na chipukizi la pembeni linashika zamu. Mkulima wa Bukoba angewaambia hayo bila kufungua kitabu. Basi ndizi husomewa baraka ya "tunda la ardhi", na Shulchan Aruch, mkusanyo wa sheria wa Yosef Karo uliochapwa Venice mwaka 1565, unaitaja kwa jina. Kwa jamii ya Kiyahudi ya Abayudaya, karibu na Mbale nchini Uganda, ambako migomba iko nje ya mlango, hilo si fumbo la darasani.

Nazi je? Mnazi huzaa miaka nenda miaka rudi, kwa hiyo nazi ni tunda la mti. Ugali wa mahindi nao, hata ukushibishe vipi, hausomewi baraka ya mkate, kwa sababu mkate ni wa nafaka tano, ngano na shayiri zikiwamo, na mahindi hayamo.

Unaweza kuona huu ni uchambuzi wa kupindukia. Mimi naona hivi: huwezi kuchagua baraka bila kukitazama ulichoshika na kujiuliza kimetoka wapi.

Dhana: Shukrani ni kabla ya kula.

Baraka ya kabla iliwekwa na marabi. Iliyoamriwa na Torati yenyewe ni ya baada: Kumbukumbu la Torati 8:10, ule, ushibe, umshukuru Mungu. Soma aya zinazofuata uone sababu: aliyeshiba, akajenga nyumba nzuri, mifugo ikaongezeka, ndiye anayeonywa asisahau. Mwenye njaa humkumbuka Mungu bila kukumbushwa.

Dhana: Kwenye sheria hakuna moyo, ni kukariri tu.

Kukariri kupo, na marabi wenyewe wamelilalamikia. Lakini tazama mahali zilipopangwa baraka hizo. Mtu akifumbua macho tu, kabla hata ya kunawa, husema maneno 12 ya Kiebrania ya kushukuru kwa kurudishiwa roho yake. Jina la Mungu halimo, ndiyo maana yanasemeka kabla ya kunawa. Akitoka msalani na kunawa mikono, husoma maneno ambayo Talmudi inayanasibisha na Abaye, mwanachuoni wa Babeli wa karne ya 4: kwamba Mungu amemuumba mwanadamu kwa hekima, akamwekea matundu na mianya, na lau mmojawapo ungepasuka au ungeziba, asingeweza kusimama mbele zake. Aliyewahi kumuuguza mgonjwa aliyezibwa mkojo anajua kwamba hayo si maneno ya kukariri.

Rabi Meir, mwanachuoni wa karne ya 2, alifundisha baraka 100 kwa siku. Idadi inatisha, ila sala kuu ya siku za kawaida ina baraka 19 na husaliwa mara 3. Hapo umeshafika 57 bila kuhesabu za chakula. Na hazirundikwi ovyo: kulitaja jina la Mungu kwenye baraka isiyostahili ni kosa. Kuna Wayahudi wengi, bila shaka, wasiofuata lolote kati ya haya.

Dhana: Unashukuru kwa mazuri, basi.

Mishna, mkusanyo wa sheria ambao Talmudi inaufafanua, inasema mtu hubariki kwa baya kama anavyobariki kwa jema. Habari ya msiba ikifika, husemwa "Umehimidiwa, hakimu wa kweli". Muislamu atakumbuka "inna lillahi". Lakini haimaanishi ujifanye umefurahi. Sheria inatoa mfano wa baba aliyefariki akaacha mali. Mwana husoma kwanza ya msiba, kisha ya urithi, kwa kuwa yote mawili yametokea na hakuna linalofuta lenzake. Akiwa mrithi peke yake, hii ya pili ni ile ya kushukuru kwa kufikishwa wakati huu. Akiwa na ndugu wa kugawana nao, husema "aliye mwema na atendaye mema", kwa sababu jema hilo si lake peke yake.