Siti ya valvu ya oili kwenye hedi: nini hasa kinaishikilia

Mzee mmoja alileta pikapu yake gereji kwangu Gerezani, Dar es Salaam. Kwa miezi minne, kila alipowasha alfajiri, juu ya injini kulikuwa na kelele ya vyuma kugongana kwa sekunde kumi hivi, halafu kimya. Aliponieleza alikuwa amechoka kabisa. "Fundi, tapeti nimebadilisha seti nzima mara mbili, na za pili hazikuwa za bei ndogo." Tapeti ni vile vipande vilivyo kati ya kamshafti na valvu za injini. Nikamwambia, "Mzee wangu, tapeti tuziache kwanza. Tufungue tuone usiku oili inalala wapi."

Baadhi ya hedi (kichwa cha injini) zenye tapeti za haidroliki, yaani zinazojazwa oili, zina valvu ndogo chini ya njia inayopandisha oili kutoka kwenye bloku. Ndani yake mna springi laini, gololi na siti, yaani pete ya chuma inayopokea gololi. Injini ikizimwa, gololi hukaa kwenye siti na kuizuia oili isirudi katika sampu, beseni la oili chini ya injini. Asubuhi tapeti huikuta oili pale pale zilipoiacha. Valvu isipofunga, pampu inalazimika kujaza njia yote upya, na katika sekunde hizo kamshafti, shafti inayofungua valvu za injini, inazunguka karibu kavu. Kwenye hedi ambazo kamshafti inakaa moja kwa moja juu ya alumini bila beringi za kubadilisha, ukavu huo ukirudiwa kila siku hatimaye unaiharibu hedi yenyewe.

Sizungumzii siti za valvu za hewa na moshi. Hizo kila fundi anazijua na kuziheshimu. Hii ndogo ndiyo tunayoisahau.

Katika hedi ya mzee, valvu iliingizwa kutoka upande unaolalia gasketi: springi kwanza, kisha gololi, mwisho siti, ikapigwa kwa presi. Tundu halikuwa na bega, yaani ngazi ya kuizuia siti. Kilichoishikilia siti ni vitu viwili tu: mbano wa tundu lenyewe, na alama tatu za panchi (chuma cha kugongea alama) ukingoni, ambazo ziliikunja alumini kidogo juu ya pete isitoke. Nilipogeuza hedi, alama hizo hazikuwepo. Siti ilikuwa imeshuka, imelala upande juu ya gasketi, na gololi inacheza.

Alama zilikwenda wapi? Hedi hiyo ilichemshwa na injini mara mbili, na mara zote mbili ikapelekwa kusawazishwa uso. Alama za panchi zinakaa juu kabisa ya uso. Mashine ikikwangua milimita 0.2, kisha siku nyingine 0.3, inaondoka na ule mkunjo mwembamba uliokuwa unaizuia siti. Hedi inarudi imenyooka, inang'aa, na hakuna anayejua kwamba kuna kitu kimebaki bila kizuizi. Aliyeisawazisha alifanya aliloombwa. Nami naliandika hili kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuniambia nilipokuwa najifunza kazi.

Sasa huo mbano. Kwa kila nyuzi 1 ya sentigredi, mita moja ya alumini hurefuka takriban maikroni 23, na mita moja ya chuma takriban 12. Tofauti ni 11. Kwa siti ya milimita 14, injini ikitoka nyuzi 20 hadi 100, tundu linaikimbia siti kwa karibu milimita 0.012. Ukipiga siti yenye mbano wa 0.02, yaani siti inayolizidi tundu kwa milimita hizo, ikipata moto inabaki na 0.008 tu. Injini ikichemsha na sehemu hiyo ya hedi ikafika nyuzi 150, mbano wote wa 0.02 umekwisha. Hesabu hii inatosha kunifanya nisiuamini mbano peke yake, hata siku moja.

Na siti inasukumwa pande zote mbili. Springi na gololi vinaisukuma chini kuelekea gasketi. Oili ikiwa baridi na nzito inaisukuma juu: hata tukichukulia kwamba presha yote ya oili, baa 4, imeiangukia siti, kwa kipenyo cha milimita 14 ni kama kilo 6. Si nyingi, lakini siti isiyobanwa inapanda. Ikipanda inaikaba gololi juu, na oili inapita kwa shida. Ubaya huo ni mkubwa kuliko wa kushuka, maana hauna kelele ya kukuonya mapema.

Nilikereza siti mpya ya chuma yenye mbano wa 0.03. Uso unaopokea gololi niliubakiza pale ulipokuwa ili springi isibadilike nguvu, na ufupi nikautoa upande wa chini, siti ikae milimita 1 ndani ya uso wa hedi. Hedi ikaingia kwenye oveni mpaka nyuzi 100, siti ikalala kwenye friza. Tundu likapanuka karibu 0.026, siti ikasinyaa kama 0.006, na kwa jumla hiyo ikaingia kwa kusukumwa na kipande cha mti. Usiipige nyundo. Ikiingia kombo inakwangua alumini, na tundu lililokwanguliwa halibani tena.

Gundi ya kushikizia nilitumia Loctite 620, inayovumilia joto hadi nyuzi 230. Tundu lisafishwe hadi lisiwe na hata harufu ya oili, na gundi ipakwe utando mwembamba ukingoni mwa siti tu. Tone likifika kwenye gololi umeanza kazi upya. Kisha panchi butu, alama tatu zilizoachana sawa, kwa mkono mwepesi, kwa sababu alumini ya kumwagwa hupasuka kabla ya kukunjika ukiipiga kwa hasira.

Ningekuwa mtengenezaji, ningeweka bega juu ya siti na kizuizi cha kweli chini yake. Kuna waliochagua nyuzi za skrubu: kwenye injini ya BMW N52, valvu za kuzuia oili ya VANOS (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka) isirudi hufungwa kwa nyuzi hizo kwenye hedi, unazitoa, unazisafisha, unazirudisha. Napenda kazi inayomfikiria fundi wa baadaye.

Baada ya saa 24 niliigeuza hedi kama inavyokaa kwenye gari, nikajaza njia ya oili na kuiacha usiku kucha juu ya karatasi nyeupe. Oili ya urefu wa sentimita 30 haifikishi hata baa 0.03, kwa hiyo jaribio la upepo wa kompresa linadanganya: linaikandamiza gololi kwa nguvu ambayo usiku haipo. Asubuhi karatasi ilikuwa kavu.

Kabla ya kufunga, ubavuni mwa hedi niligonga kwa herufi za chuma: SITI 1.0. Atakayeisawazisha tena atajua ana nafasi kiasi gani, na kwamba alama za panchi zitahitaji kupigwa upya.