Maswali ya njaa ambayo watu huuliza pembeni

Haya ni maswali ya kliniki lakini hayaulizwi mbele za watu, mtu anangoja foleni ipungue ndio anasogea, "dada naomba nikuulize kitu". Hapa Mombasa, iwe Likoni, Kisauni au Changamwe, ni yale yale, kwa hivyo nimeyajibu hapa kwa pamoja.

Sisi hatulali njaa, kitu cha kutia mdomoni hakikosekani. Si tuko sawa?

Pengine hamko sawa. Watu wengi hudhani njaa ni mpaka jiko lisiwashwe kabisa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lina maswali manane ya kupima jambo hili na la kwanza halihusu tumbo kabisa, linauliza kama ulikuwa na wasiwasi chakula kitaisha na huna pesa ya kununua kingine. Halafu ndio yanakuja kama unakula aina chache tu, kama umeruka mlo, kama umepunguza, mpaka la mwisho la kushinda kutwa nzima bila kula. Sasa wewe unakunywa sturungi (chai bila maziwa) na mahamri mawili saa nne ili saa saba ipite, usiku ni sima na mchuzi wa nyanya tupu, na wiki nzima ni hivyo hivyo, basi wewe umo, hata kama shibe unaiskia.

Jirani yangu ana mwili mkubwa na kila siku analia hana chakula. Si anatuzuga?

Hakuzugi. Hili swali hunikera kidogo manake ndilo linalofanya watu wanyamaze. Angalia vitu vinavyojaza tumbo kwa pesa kidogo ni vipi: mahamri, viazi karai, chipsi, boflo, chai ya sukari nyingi. Yote hayo ni unga, mafuta na sukari, mwili unaongezeka na damu inapungua kwa wakati mmoja, na ukiongeza kwamba mtu leo anakula kesho hapati, akipata anakula zaidi kwa sababu hajui kesho kutwa itakuwaje. Utakuta nyumba moja mama ni mnene ana presha na mtoto wake amedumaa, na wote wawili shida yao ni moja.

Chakula bora si ni cha matajiri wa Nyali?

Kuna ukweli hapo, siwezi kukwambia bei ya matunda ni mchezo. Na anayenunua kidogo kidogo, mafuta ya kupima, sukari ya kufungwa kwa karatasi, mwisho wa mwezi analipa zaidi kuliko aliyenunua mtungi mzima, kwa hivyo umaskini wenyewe ni ghali.

Lakini kuna vyakula tumevidharau wenyewe. Dagaa, kunde, mboga za mchunga na mnavu, pojo (ndengu), mtu anavila huku amefunga mlango ati ni chakula cha maskini, halafu mgeni akija anakimbilia soda na mkate mweupe ambao hauna maana kubwa mwilini. Dagaa unamla na mifupa yake kwa hivyo unapata chokaa ya mifupa pamoja na protini. Mchicha ukiupika na tui la nazi hata kidogo, yale mafuta yanausaidia mwili kuchukua vitamini A. Pojo na wali vikiliwa pamoja vinakamilishana. Kamulia ndimu juu ya mboga au pojo, madini ya chuma yataingia vizuri zaidi, na ile chai isogeze mbele angalau saa moja baada ya kula kwa sababu chai huzuia chuma hicho hicho, hasa kama una mimba au umeambiwa damu ni kidogo.

Soko la Kongowea ni rahisi kuliko genge la mtaani ila ukienda peke yako kwa fungu mbili tatu nauli inakula faida yote. Kina mama wengi huchanga wanne watano, mmoja anaenda, gunia linagawanywa mlangoni. Mhogo pia ni mzuri, lakini ule mchungu usifupishe kuuloweka na kuukausha kwa sababu watoto wana njaa, una sumu inayoweza kuua.

Nikienda hospitali niseme sina chakula? Si watanicheka?

Sema. Hapa ndipo aibu inapoumiza watu kweli kweli. Mgonjwa wa sukari anaulizwa "unakula vizuri?" anajibu ndio, daktari anamwandikia dawa kulingana na hilo jibu, mtu anajidunga insulini na hajala kitu, sukari inashuka mpaka anaanguka. Hata baadhi ya vidonge vya sukari hufanya hivyo. Au wa TB, dawa zinamchafua tumbo tupu, anaziacha kimya kimya, halafu anaonekana mkaidi wakati shida ilikuwa ni uji tu. Ukisema, dawa au saa za kumeza zinaweza kupangwa upya, na anayestahili lishe ya dawa, yaani chakula maalum cha kutibu utapiamlo, anaandikishwa. Kama ana kwa ana ni ngumu, mwambie mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba, yule mara nyingi ni jirani yako anajua mambo yalivyo.

Na ukikutana na muuguzi wa kukukejeli (wapo, nisikudanganye), hio ni tabia yake. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika, kwa hivyo hukwenda kuomba fadhila.

Nanyonyesha na sili vizuri. Maziwa yangu si ni maji tu?

Si maji. Mwili wa mama hutengeneza maziwa mazuri hata akiwa anakula kwa shida, anayedhoofika ni mama mwenyewe, kwa hivyo nyumbani wewe ndio upakuliwe kwanza, sio wa mwisho kukwangua sufuria. Mnyonyeshe mara nyingi, kunyonya ndiko kunakoleta maziwa. Usimpe uji kabla ya miezi 6 na usizimue maziwa ya kopo ili yafike mwisho wa mwezi, hio ni hatari.

Nataka kumsaidia jirani lakini namuogopa asije akaona namdharau.

Kwanza weka simu mfukoni. Hii tabia ya kumpanga mtu na mfuko wa unga apigwe picha ni mbaya, na sisi Waislamu tumekatazwa wazi wazi kwenye Suratul Baqara aya ya 264 kuharibu sadaka kwa masimbulizi na udhia.

La pili ni hii desturi yetu ya sahani. Ukipelekewa sahani hairudi tupu, sasa yule asiye na kitu ataiogopa sahani yako kuliko anavyoogopa njaa, atasema "tushakula". Peleka kwenye mfuko au kwenye kikopo kisichorudishwa. Au mwambie mpike pamoja, yeye alete mkaa wewe ulete kunde, hapo hakuna anayemlisha mwenziwe.

Nitajuaje mtoto ameshafika pabaya?

Mhudumu wa afya ana utepe wa rangi wa kupima mzunguko wa mkono sehemu ya juu, kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5. Chini ya sentimita 12.5 anahitaji msaada, chini ya 11.5 ni hatari. Kama huna utepe, bonyeza juu ya miguu yote miwili (si chini kwenye nyayo) kwa kidole gumba sekunde tatu. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, mtoto amevimba kwa utapiamlo, usimsubirie siku ya kliniki wala usimpeleke kwanza kwa mganga, mpeleke hospitali siku hio hio hata kama hujapata pesa.