Kiwango cha Sauti Ndani ya Programu ya Simu

Kiwango cha sauti ndani ya programu ya simu ni kipimo kinachoamua programu hiyo itumie sehemu gani ya sauti ambayo simu yenyewe imeruhusu. Kwa kawaida huandikwa kwa namba kati ya 0 na 1: sifuri ni kimya, na moja ni sauti isiyopunguzwa. Kwa kuwa kipimo hiki hufanya kazi chini ya kile cha simu, mtu anaweza kusogeza kitelezi cha programu (alama ya kwenye skrini inayosogezwa kuongeza au kupunguza sauti) hadi mwisho na bado asisikie lolote, ikiwa sauti ya simu imeshushwa kabisa kwa vitufe vya ubavuni.

Simu nayo haina kiwango kimoja tu. Android hutenganisha sauti ya muziki na video, ya mlio, ya kengele ya kuamsha na ya mazungumzo. Kwenye iPhone, programu hairuhusiwi kubadilisha kiwango cha simu kwa siri. Inaweza tu kumwonyesha mtumiaji kitelezi cha mfumo akisogeze mwenyewe, na kwa maoni yangu huo ni uamuzi wa busara.

Ugumu hasa uko kwenye sikio. Kushusha namba kutoka 1 hadi 0.5 hupunguza sauti kwa desibeli (kizio cha kupimia nguvu ya sauti) 6 hivi, ilhali msikilizaji wa kawaida huhisi sauti imepungua nusu inaposhuka kwa takribani desibeli 10, yaani namba inapokaribia 0.3. Ndiyo sababu kitelezi kinachopeleka namba yake ilivyo huonekana kama hakifanyi kitu sehemu ya juu, kisha sauti ikaporomoka ghafla karibu na sifuri. Njia rahisi ya kurekebisha ni kuizidisha nafasi ya kitelezi kwa yenyewe kabla ya kuitumia, hivyo katikati ya kitelezi hutoa 0.25, ambayo sikio huipokea kama takriban nusu.

Kuna pia kupunguza kwa muda: sauti ya kuelekeza njia inaposema, muziki hushuka kidogo kisha hurudi. Tangu Android 8.0, mfumo wenyewe unaweza kufanya hivyo bila programu ya muziki kushughulika. Kwa programu inayosoma vitabu au kucheza mahojiano ni afadhali kusitisha kabisa, maana maneno yaliyofifishwa humpita msikilizaji.