Dawa za skizofrenia ukiwa nyumbani: maswali ya ndugu wa wagonjwa

Maswali haya huniuliza ndugu wanaoleta kliniki ya afya ya akili hapa Iringa wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo na kushuku watu bila sababu. Wengi wametoka mbali, Kilolo au Mufindi, wameamka saa tisa usiku kuwahi gari, na mgonjwa mwenyewe amekaa katikati yao kajifunika blanketi.

Kijana wetu halali, anasikia sauti, anasema majirani wanataka kumuua. Lazima alazwe?

Si lazima. Kama anakubali kumeza dawa, anakula na kunywa, na nyumbani yupo mtu mzima wa kukaa naye, anaweza kutibiwa akilala kwao. Alazwe akitaka kujiua, akitishia kuumiza watu, au akikataa chakula na dawa kabisa. Ila kwanza apimwe. Aliyechanganyikiwa ghafla akiwa na homa kali huenda ana malaria iliyopanda kichwani, na hiyo haisubiri kesho.

Dawa zinafanya nini mwilini?

Zinapunguza nguvu ya dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupashana habari. Utaandikiwa haloperidoli, klopromazini, risperidoni au olanzapini. Klopromazini ndiyo ya zamani zaidi. Ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952.

Siku kumi sasa, analala tu na sauti bado anazisikia. Dawa imeshindwa?

Haijashindwa. Usingizi na utulivu hutangulia, ndani ya siku chache. Sauti na zile shuku hupungua taratibu, kwa kawaida wiki 2 hadi 6. Hapa katikati ndipo familia nyingi hukata tamaa, wakasimamisha dawa na kumpeleka kwa mganga, na inaniuma kwa sababu walikuwa wamebakiza kidogo. Msiongeze vidonge wenyewe. Rudini tuangalie dozi.

Shingo imepinda, macho yameganda juu. Amerogwa?

Nimeona mama akiingia mbio na mwanawe wa kiume, shingo imevutwa upande, macho yanatazama dari, ulimi mzito, mate yanamtoka. Njia nzima shangazi alikuwa akikemea pepo. Ilikuwa siku ya tatu ya haloperidoli. Alichomwa sindano ya promethazini, na kabla ya nusu saa kwisha aliomba maji.

Hiyo ni misuli kukaza kwa sababu ya dawa. Huwapata zaidi vijana wa kiume, siku za mwanzo. Inatisha, inauma, na inatibika. Akipata shida ya kupumua au kumeza, msingoje hata dakika. Tukishamtuliza tunapunguza dozi, tunabadilisha dawa, au tunamwongezea vidonge vya benzeksoli. Wengine hutetemeka mikono, au hawawezi kutulia kwenye kiti, wanazunguka uani mchana kutwa. Mtu wa hivyo msiseme ugonjwa umezidi kabla hatujamwona. Olanzapini nayo huongeza uzito na sukari, kwa hiyo mizani na kipimo cha sukari visirukwe.

Mwili ukikakamaa wote pamoja na homa na kuchanganyikiwa, asipewe dozi nyingine. Hospitali usiku huohuo.

Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, je?

Najua msimu ukifika kila nyumba ina kibuyu. Aache. Pombe pamoja na dawa hizi humlevya kupita kiasi, na bangi huamsha sauti upya.

Amepona, amerudi shambani. Aache dawa?

Bado. Baada ya kupona mara ya kwanza, aendelee angalau miezi 12, kisha dozi ipunguzwe polepole na daktari. Wanaoacha ghafla wengi wao huugua tena, na huenda wiki kadhaa zikapita kwanza, ndiyo maana watu hawaoni uhusiano.

Anachoka vidonge vya kila siku.

Ipo sindano ya flufenazini, ya kila wiki 2 hadi 4, kwa ambaye vidonge vimeshamkubali. Huwafaa sana wa vijiji ambako masika barabara hukatika. Njooni kabla ya tarehe kama mvua zimeanza kuchanganya.