Pwani ya Afrika Magharibi si msitu mwanzo mwisho

Kuna hii imani ya siku nyingi kwamba kuanzia Liberia mpaka Naijeria pwani yote ni msitu mzito na mvua haikatiki. Sio kweli jamani. Monrovia sawa, pale inapiga zaidi ya milimita 4,000 kwa mwaka, na Axim magharibi mwa Ghana inapata kama 2,000, lakini ukisogea mashariki hadi Accra unakuta 800 hivi au pungufu, nyasi na vichaka, halafu hali hiyo inaendelea Togo na Benin, yaani savana inashuka mpaka baharini na kuukata msitu vipande viwili. Kwa nini? Ukishapita Cape Three Points, ile rasi ya kusini kabisa mwa Ghana, pwani inapinda kaskazini mashariki, kwa hiyo pepo zenye unyevu kutoka kusini magharibi zinapita sambamba na ufuko badala ya kuingia bara moja kwa moja, alafu mwezi wa 7 hadi wa 9 maji baridi yanapanda toka chini ya bahari, hewa juu yake inapoa, mawingu yapo ila mvua ya maana hakuna. Ndo maana Agosti Accra kunakuwa kukavu na kakibaridi fulani, na hapo ni digrii 5 na nusu tu toka ikweta. Harmattan, ule upepo mkavu wa Desemba na vumbi lake la Sahara, msiisingizie, hiyo inafika hata kwenye misitu.