"Nimeshindwa, Mawazo Hayaishi": Dhana Potofu Kuhusu Umakinifu

Mteja anayejifunza umakinifu, yaani kuiweka akili kwenye pumzi na kuirudisha kila inapotoka, hukaa dakika mbili, akili inazurura, anainuka na kutangaza kwamba zoezi limemshinda. Ameaminishwa kuwa lengo ni kukifanya kichwa kiwe kitupu. Jamani, kichwa kitupu hakipo kwa mtu aliye hai.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, aliwataka watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5, na wagonge kengele kila anapowajia. Waligonga tena na tena. Wazo ukilifukuza, linarudi. Neno letu "kutafakari", ambalo wengi huliita zoezi hili, nalo linachanganya, kwani kutafakari ni kulitafuna jambo hadi ulielewe. Hapa wazo unaliona tu, hulitafuni.

Keti kwenye kiti, nyayo sakafuni, macho yaangalie chini kama mita moja mbele. Tega kengele ya simu ilie baada ya dakika 5. Isikilizie pumzi mahali pamoja, puani au tumboni, uiache iende inavyotaka. Hesabu kila inapotoka, 1 hadi 10, kisha anza upya. Ukishtuka umeshafika kwenye ada ya shule, lipe wazo jina la neno moja, "mipango" au "hofu", urudi kwenye 1. Kule kurudi ndiko zoezi lenyewe. Ukirudi mara 40, umefanya zoezi mara 40. Anayevuta pumzi kwa nguvu hupata kizunguzungu, maana anatoa kabonidioksaidi kupita kiasi. Anayefanyia kitandani husinzia, na anayeanza na nusu saa kwa kawaida hafiki mbali. Tena usijipe maksi!

Dhana nyingine husikika hivi: "Hiyo ni dini ya watu." Chimbuko lake ni Ubudha, hakuna anayeficha. Lakini mafunzo ya wiki 8 aliyoyaanzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo, hayana sala wala sanamu.

"Huruma inayofundishwa pamoja na zoezi hili ni udhaifu." Huruma ni kuona mtu anaumia na kumtakia nafuu, haikulazimishi kumkopesha mara ya nne. Na wewe umo: ukiunguza wali, jiambie yale ambayo ungemwambia jirani aliyeunguza wake.

"Nikifanya hivi naacha dawa." Hapana. Dozi haiguswi bila daktari. Na aliyepitia ukatili au ajali mbaya asijilazimishe kufumba macho na kuzama kwenye pumzi, kumbukumbu zinaweza kumvamia. Asikilize sauti za nje, ahisi nyayo zake, na hali ikizidi aache, amwone mtaalamu.

"Sina muda." Vyombo unaosha, sivyo? Simu ibaki chumbani. Sikia ubaridi wa maji, utelezi wa sabuni, uzito wa sufuria. Akili ikienda kazini, irudishe kwenye sufuria.