Kwa nini ramani moja ya nyumba huleta ubaridi kwenye kiwanja kimoja na joto kwenye kingine?

Dada yangu na jirani yake wa ng'ambo ya barabara walijenga kwa ramani ile ile, huko Mbezi, Dar es Salaam. Sebule mbele, jiko ubavuni, chumba masta nyuma. Tofali za inchi 6, bati la rangi moja, hata fundi mmoja. Kila mmoja aliigeuza nyumba yake itazame barabara, kama wengi wetu tunavyofanya bila kufikiri mara mbili. Barabara yenyewe inakwenda kaskazini hadi kusini, kwa hiyo masta ya dada ikaangukia magharibi na ya jirani mashariki.

Jirani analala na feni. Dada alikuwa halali. Mwezi wa pili mwaka mmoja nilikwenda kumtembelea, na saa tatu usiku nikaweka kiganja kwenye ukuta wa chumba chake, upande wa ndani. Jua lilikuwa limezama zaidi ya saa mbili zilizopita, lakini ukuta ulikuwa na uvuguvugu kama ubavu wa sufuria iliyoepuliwa muda si mrefu.

Kwanza ukuta wenyewe. Tofali la saruji halipitishi joto papo hapo. Hulinywa polepole, likalisafirisha kuelekea ndani, na kwa ukuta wa inchi 6 safari hiyo huchukua kama saa nne hivi. Jua linaloupiga ukuta wa magharibi kuanzia saa tisa mpaka magharibi linawasili chumbani saa mbili, saa tatu, saa nne za usiku, wakati watu wanapanda kitandani. Ukuta wa mashariki nao hunywa jua, ila la asubuhi, na joto lake huingia chumbani mchana ambapo hakuna mtu. Tofali ni zile zile, zimepishana saa tu.

Sasa jua. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kwenye wiki ya pili ya Oktoba, jua la adhuhuri huwa utosini kabisa, kiasi kwamba mlingoti uliosimama wima haupati kivuli. Kati ya Machi na Oktoba jua la mchana huwa limeegemea kaskazini kidogo, na miezi iliyobaki huegemea kusini. Hata mwezi wa sita, linapoegemea kaskazini zaidi, adhuhuri hubaki juu kwa nyuzi 60 hivi. Hii ni bahati kubwa kwa anayejenga, maana ukuta unaotazama kaskazini au kusini siku zote hulipata jua likiwa juu wakati wa mchana, na jua la juu hukingwa kirahisi. Upenu wa paa uliotoka sentimita 90 hushusha kivuli cha mita 1 na nusu ukutani. Dirisha zima linafunikwa, au karibu lote.

Upenu huo huo upeleke magharibi. Saa kumi na nusu jioni jua limeshuka hadi nyuzi 30 hivi, na kivuli kinachoshuka ukutani ni cha nusu mita tu, ambacho mara nyingi hakifiki hata kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya dirisha. Saa moja baadaye jua linachungulia chini ya upenu na kuingia moja kwa moja kitandani. Pande za mashariki na magharibi huwezi kuzikinga kwa paa. Zinakingwa kwa baraza pana, kwa mti, au kwa kutoweka dirisha kubwa huko tangu mwanzo.

Ndiyo maana msanifu anayeijua pwani ataanza kwa kuilaza nyumba: pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, pande fupi zipokee mawio na machweo. Magharibi ataweka vile visivyolaliwa, kama stoo, choo, ngazi na gereji. Hivi vinakuwa ngao. Na kugeuza nyumba kwenye karatasi hakuna gharama yoyote. Gharama huanza msingi ukishamwagwa.

Kujua kaskazini ya kiwanja chako si kazi ngumu. Simu nyingi zina dira, lakini pwani yetu ina dira ya zamani zaidi. Makka ipo karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo na Dar es Salaam na Mombasa, kwa hiyo kibla cha miji hii miwili ni kama kaskazini yenyewe. Ukiona msikiti umejengwa sawasawa, mihrabu yake inakuonyesha kaskazini, na ukiigeukia, mkono wako wa kushoto ndiko lilipo jua la jioni.

Baada ya jua, upepo. Hapa ndipo naona makosa yanayoumiza zaidi, kwa sababu upepo ni wa bure na tunaufungia mlango. Watu wa pwani wanaujua kwa majina: kaskazi, inayotoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi, na kusi, inayovuma kutoka kusini na kusini-mashariki katikati ya mwaka. Angalia kaskazi inakuja lini: miezi ile ile ya joto kali. Kwa hewa yetu yenye unyevu, upepo kupita mwilini ndiyo dawa kuu, kwa kuwa jasho halikauki lenyewe. Na upepo hauingii mahali usipopata pa kutokea. Chumba chenye dirisha moja ni kama chupa. Ukiipulizia mdomoni, hewa haisogei. Kila chumba cha kulala kinastahili matundu mawili kwenye kuta tofauti, na ikishindikana, basi matundu juu ya mlango ili hewa ivuke korido.

Dirisha la aluminiamu la kuslaidi nalo lina hesabu yake. Unalinunua zima, ila likiwa wazi kabisa nusu yake bado imefunikwa na kioo kingine. Weka na wavu wa mbu, upepo unapungua tena. Dirisha la bawaba au la luva hufunguka karibu lote, na kwa chumba cha kulala ningechagua hilo bila kusita. Kisha tazama uzio. Ukuta mzima wa tofali wa mita 2 na nusu, uliojengwa karibu na nyumba upande wa upepo, huurusha upepo juu ya madirisha. Tofali zenye matundu upande huo zinatosha kuzuia macho na kuachia hewa.

Wengi hunitajia Mji Mkongwe wa Zanzibar: mbona kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa zinaleta ubaridi? Zinaleta, lakini unene si siri yote. Vichochoro vyake ni vyembamba na majengo ni marefu, hivyo kila nyumba inamkinga jirani yake, na kuta nyingi hazilioni jua ila kwa muda mfupi. Vyumba vya nyumba za kale, huko na Lamu, pia ni vyembamba, kwa sababu dari zilibebwa na boriti za mikoko ambazo hazivuki sana mita 3. Wembamba huo umeipa hewa njia fupi ya kupita. Ukichukua unene wa ukuta ule ukaupeleka kwenye kiwanja cheupe kilichotandazwa pevingi kila upande, umechukua nusu ya ujuzi wao.

Paa nalielezea kwa ufupi ingawa ndilo linalopigwa na jua kuliko ukuta wowote. Bati la rangi nyeupe au hafifu hurudisha sehemu kubwa ya mwanga, jeusi huunyonya. Chini yake kuwe na dari, na kati ya dari na bati kuwe na matundu ya kutolea hewa moto. Paa la kuficha, lile linaloipa nyumba sura ya boksi, linapendeza kwenye picha, lakini mara nyingi huja bila upenu, na pwani upenu ni kofia ya nyumba. Mwenye kulipenda ajenge vivuli juu ya kila dirisha.

Haya yote yanageuka ukipanda milimani. Hali ya joto hushuka kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000, na Njombe mjini ni karibu mita 2,000. Mwezi wa saba huko mtu analitafuta jua. Sebule ifunguliwe madirisha mapana kaskazini, ambako jua la mchana wa kipupwe linatokea, na ukuta wa magharibi uliomnyima dada usingizi huko ni baraka, kwa sababu unarudisha joto usiku. Hata mahali kwenye kiwanja pana maana. Hewa baridi ni nzito, hutiririka usiku na kutuama bondeni, kwa hiyo katikati ya mteremko kuna joto kuliko chini. Dodoma kwenye ukavu, ambako usiku hupoa vizuri, ukuta mnene na madirisha madogo yaliyofungwa mchana hufanya kazi ambayo Dar es Salaam yangeshindwa. Ramani uliyoinunua mtandaoni haijui itasimama wapi kati ya sehemu hizi tatu.

Tofauti inasomeka kwenye luku, mita ya umeme. Kiyoyozi cha nguvu farasi 1.5 kikifanya kazi mfululizo hula karibu uniti 1 kwa saa. Feni ya dari ya wati 70 huimaliza uniti hiyo kwa saa 14.

Dada hakubomoa. Alisimamisha milunda umbali wa hatua moja kutoka ukuta wa magharibi, akafunga waya, akapandisha mpasheni. Nyuma yake, mita kadhaa, akapanda miarobaini miwili. Mpasheni ulifunika ukuta kabla ya mwaka kuisha, na ile nafasi ya hatua moja inapitisha hewa kati ya majani na tofali. Februari iliyopita nililala tena pale. Saa tatu usiku niliupapasa ukuta mahali pale pale, kando ya swichi, na ulikuwa baridi kama ukuta wa kisima.